Kovarieti zipi ziingie unapolinganisha picha za ubongo za wagonjwa wa kifafa na za watu wasio na kifafa

Swali: Mimi ni daktari ninayesoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu kifafa katika Nyanda za Juu Kusini. Nina picha za MRI za wagonjwa 30, wengi wao kutoka vijiji vya Mbozi na Rungwe, na za watu 30 wasio na kifafa, ambao wengi ni wanafunzi na watumishi wa Mbeya mjini. Wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka 41 na wa wenzao ni miaka 27. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi umri unavyotawanyika, ni miaka 8 katika kila kundi. Wagonjwa wote walipigwa picha kwenye mashine moja hapa Mbeya, lakini watu 12 wa kundi la ulinganisho walipigwa picha Dar es Salaam. Nimeshauriwa niingize kwenye modeli kovarieti hizi, yaani vigeu vya ziada vya kurekebisha ulinganisho: umri, jinsia, ujazo wa fuvu, miaka ya shule, unywaji wa pombe na muda wa ugonjwa. Nikiziingiza zote, tofauti ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) kati ya makundi inapotea, nikiziondoa, inarudi. Lipi ni sahihi? Na ninapotoa wastani kutoka kwenye umri wa kila mtu, nitoe wastani wa kundi lake au wa watu wote?

Jibu: Ndugu daktari, matokeo yote mawili ni sahihi kihesabu, ila hayajibu swali moja. Kila kovarieti unayoiingiza inabadilisha maana ya namba inayobaki kwenye safu ya kundi, yaani safu inayosema nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa. Bila umri, namba hiyo ni tofauti kati ya wagonjwa wako na watu wako wa ulinganisho kama walivyo. Ukiingiza umri, inakuwa tofauti kati ya mgonjwa na asiye mgonjwa wanaolingana umri, ikikadiriwa kwa mstari ulionyooka. Ukiongeza miaka ya shule, inakuwa tofauti kati ya watu wanaolingana umri na elimu, na kadhalika. Kwa hiyo uchaguzi wa kovarieti haufanywi na programu, wala na thamani ya p. Unaufanya wewe unayeujua ugonjwa, kabla hujaiona ramani ya matokeo, kwa kujiuliza kuhusu kila kigeu: je, kilikuwepo kabla ya ugonjwa, au ni ugonjwa uliokileta?

Umri hauna ubishi. Ugonjwa hauwezi kubadilisha umri wa mtu, ujazo wa hipokampasi hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na makundi yako yamepishana kwa miaka 14. Tuchukue namba za kubuni ili tuone kinachotokea. Tuseme wastani wa ujazo wa hipokampasi ya kushoto ni mililita 3.40 kwa wagonjwa na 3.70 kwa wenzao, na kwamba ndani ya kila kundi ujazo hupungua kwa mililita 0.01 kwa kila mwaka wa umri. Tofauti ghafi ni 0.30. Miaka 14 peke yake inaeleza 0.14 ya tofauti hiyo, kwa hiyo kinachobaki ni 0.16. Ukisogeza makundi yote mawili hadi miaka 34, ambayo ndiyo wastani wa watu wote 60, wagonjwa wanapanda hadi 3.47 na wenzao wanashuka hadi 3.63. Katika modeli ya mstari kovarieti haifanyi zaidi ya hapo: inasogeza kila kundi juu ya mteremko, yaani kile kiasi cha kupungua kwa kila mwaka, hadi makundi yakutane kwenye umri mmoja, kisha inapima pengo lililobaki, na inarudia hesabu hiyohiyo kwenye kila vokseli, yaani kila kijisanduku kidogo cha picha ya ubongo.

Kusogeza huko kunaaminika pale tu ambapo kuna watu. Miaka 34 iko karibu mkengeuko sanifu mmoja chini ya wastani wa wagonjwa wako, na karibu mmoja juu ya wastani wa wenzao. Maana yake unalinganisha wagonjwa wako vijana na watu wako wa ulinganisho wenye umri mkubwa, na pande zote mbili hao si wengi. Kabla ya jambo lingine lolote, toa ujazo wa hipokampasi wa kila mtu, chora grafu yenye umri chini na ujazo pembeni, na uwape wagonjwa rangi moja na wenzao rangi nyingine. Ukiona mawingu mawili ya nukta yasiyogusana, hakuna modeli itakayokuokoa, kwa sababu mstari utakuwa unapita mahali ambapo hukupima mtu yeyote. Nasisitiza grafu hii kwa kuwa kwenye ramani ya vokseli huioni mistari hata kidogo. Unaona rangi tu, na rangi haikuambii kama ilitokana na watu waliopimwa au na makadirio ya nje ya takwimu zako.

Kuna gharama nyingine. Kwa takwimu ulizonipa, uhusiano kati ya kuwa mgonjwa na umri ni takriban 0.66, na kwa sababu hiyo kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka, la tofauti ya makundi linapanuka kwa takriban asilimia 34 kuliko ambavyo lingekuwa kama makundi yangelingana umri. Hii ni sababu mojawapo ya tofauti yako kupotea. Haimaanishi kwamba tofauti haipo. Huenda modeli imeelemewa tu. Frederic Lord aliwahi kuonyesha mwaka 1967, kwa kitendawili ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake, jinsi wanatakwimu wawili wanavyoweza kuchukua takwimu zilezile za uzito wa wanafunzi wa kiume na wa kike, mmoja akalinganisha mabadiliko ya uzito na kuona hakuna tofauti, mwingine akaingiza uzito wa mwanzo kama kovarieti na kuona tofauti ipo. Miller na Chapman walilirudia onyo hilo mwaka 2001: uchambuzi wa kovarieti hauwezi kuyasawazisha makundi ambayo kwa asili yake hayalingani. Mimi nakubaliana nao, ingawa sioni kwamba onyo lao linakukataza kuingiza umri. Linakukataza kuandika kwamba umri "umeondolewa" kana kwamba suala hilo limekwisha.

Sasa wastani. Ikiwa modeli ina mteremko mmoja kwa makundi yote mawili, ukitoa wastani wa watu wote, au usipotoa kitu, tofauti ya makundi haibadiliki, itabaki 0.16. Kinachobadilika ni wastani wa kila kundi tu. Lakini ukitoa wastani wa kila kundi peke yake, yaani 41 kwa wagonjwa na 27 kwa wenzao, tofauti inarudi kuwa 0.30, kwa sababu umeshafuta ile miaka 14 kabla modeli haijaiona. Umri utakuwa umo kwenye modeli, utapunguza kelele kidogo, lakini hautakuwa umerekebisha chochote kati ya makundi. Katika SPM, mojawapo ya programu za kuchambua picha za ubongo, chaguo hilo lipo kwenye menyu ya kovarieti, na ni rahisi kulibofya bila kukusudia. Katika FSL, programu nyingine ya aina hiyo, kwa kawaida unatoa wastani mwenyewe, kwa hiyo kosa hufanyika mapema, kwenye jedwali la Excel, na baadaye hakuna anayeliona. Kwa swali lako, basi: toa wastani wa watu wote 60.

Mambo hubadilika ukiruhusu kila kundi liwe na mteremko wake, na kwa kifafa cha miaka mingi ni busara kuangalia kama ndivyo ilivyo. Tuseme ujazo hupungua kwa 0.015 kwa mwaka kwa wagonjwa na 0.005 kwa wenzao. Hapo hakuna tena tofauti moja ya makundi. Kuna tofauti kwa kila umri. Katika miaka 34 wagonjwa wako chini kwa 0.16, lakini katika miaka 60 wako chini kwa 0.42. Na kama hukutoa wastani, programu itakupa tofauti pale ambapo umri ni sifuri, na kwa namba hizi itakuambia kwamba wagonjwa wana hipokampasi kubwa kuliko wenzao kwa 0.18. Nimeona ramani za namna hii zikitafsiriwa kwa uzito wote, aya baada ya aya, kumbe zinahusu mtoto mchanga ambaye hakuna aliyempima. Mwingiliano huo wa umri na kundi ukiwepo, acha kutaja tofauti ya jumla; chagua umri mbili au tatu zilizo ndani ya takwimu zako na utaje tofauti katika kila mmoja.

Kuna njia ya mkato ambayo huenda umeshauriwa: kwanza unafanya regresheni ya ujazo juu ya umri kwa watu wote pamoja bila kutaja kundi, kisha unachukua masalia, yaani kiasi ambacho umri haukukieleza, na kuyalinganisha kwa jaribio la t. Usifanye hivyo. Katika hatua ya kwanza umri unabeba hata sehemu ya ugonjwa, kwa kuwa wenye umri mkubwa ndio wagonjwa. Kwa namba zetu, mteremko utasomeka kama 0.015 badala ya 0.01, na tofauti itakayobaki itakuwa takriban 0.09 badala ya 0.16. Karibu nusu ya athari ya ugonjwa itakuwa imetupwa. Umri na kundi vinapaswa kukadiriwa kwa pamoja, katika modeli moja.

Muda wa ugonjwa nadhani ndio uliofuta matokeo yako zaidi ya kovarieti nyingine yoyote. Watu wako wa ulinganisho wote wana sifuri kwenye safu hiyo, kwa hiyo inakaribia kuwa nakala ya safu ya kundi. Zaidi ya hapo, safu hiyo ikiwemo, modeli inapima tofauti ya makundi pale ambapo muda ni sifuri, yaani inakulinganishia watu wasio na kifafa na wagonjwa kama walivyokuwa siku ya degedege la kwanza. Si ajabu kwamba haioni kitu. Ukitaka muda wa ugonjwa ubaki kwenye modeli ya makundi, toa wastani wa wagonjwa kwa wagonjwa peke yao na uwaachie wenzao sifuri. Hapo tofauti ya makundi itahusu mgonjwa mwenye muda wa wastani. Mimi ningefanya zaidi ya hapo: ningeuhamishia kwenye uchambuzi wa pili wa wagonjwa 30 peke yao, pamoja na umri, na nikatazame kwa makini jinsi viwili hivyo vinavyofuatana. Dawa nazo zishughulikiwe hukohuko. Anayetumia fenobabitoni au valproeti ya sodiamu yumo upande mmoja tu, na kwa kuwa valproeti imehusishwa katika tafiti kadhaa na kupungua kwa ujazo wa ubongo, huwezi kuitenganisha na ugonjwa kwa kuilinganisha na watu ambao hawajawahi kuitumia.

Miaka ya shule inahitaji ujasiri, kwa sababu wakaguzi wengi wataiulizia. Wewe unazijua kaya hizi. Mtoto anayeanguka darasani anarudishwa nyumbani. Wazazi wanaogopa aanguke njiani au mtoni, walimu wanaogopa kubaki naye, na mwaka unaofuata hayumo kwenye daftari la mahudhurio. Kwa mgonjwa aliyeanza kifafa utotoni, kuishia darasa la tatu ni sehemu ya historia ya ugonjwa wake. Ukiingiza miaka ya shule kama kovarieti, unaiambia modeli imlinganishe mgonjwa huyo na mtu asiye na kifafa ambaye naye aliishia darasa la tatu, na unaondoa sehemu ya madhara uliyokusudia kuyapima. Kwa walioanza kifafa ukubwani hoja hii haina nguvu, kwani elimu yao ilitangulia ugonjwa. Basi ligawe kundi la wagonjwa kwa umri wa kuanza kuugua, na uionyeshe elimu katika uchambuzi wa ziada kwa walioanza baada ya miaka 18. Elimu ya wazazi, kama uliirekodi, ni bora kuliko ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa inaeleza hali ya kaya na haikuletwa na kifafa cha mtoto.

Pombe ina tatizo la kipimo. Mtu akikuambia anakunywa ulanzi lita mbili kwa siku, hujui kama ni ulanzi uliogemwa asubuhi au uliokaa siku tatu, na nguvu zake hazilingani. Komoni nayo hutofautiana kutoka kilabu kimoja hadi kingine. Kovarieti iliyopimwa kwa makosa hurekebisha sehemu tu ya upotoshaji. Sehemu iliyobaki inaendelea kuonekana kama athari ya kundi, huku wewe ukiamini umeshaishughulikia. Tena pombe nyingi yaweza kuchochea kifafa, na mtu mwenye kifafa aweza kuacha pombe kwa ushauri wa daktari, kwa hiyo unywaji wa sasa hausemi lolote la uhakika kuhusu wa zamani. Uliza unywaji wa kabla ya ugonjwa, uweke katika madaraja mapana ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa ukweli, na uukiri udhaifu huo kwenye ripoti. Makosa ya namna hiyo yamo hata kwenye umri. Ukihesabu umri wa wagonjwa wa vijijini ukakuta miaka inayoishia na 0 na 5 ni mingi kupita kiasi, ujue umri ulikadiriwa. Rudi kwenye kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo au matukio ambayo familia inayakumbuka.

Katika orodha yako sijaona VVU. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi nchini, virusi hivyo huathiri ujazo wa ubongo, na maambukizi ya ubongo yanayoambatana navyo yanaweza kusababisha degedege. Ikiwa una majibu ya vipimo na ridhaa ya kuyatumia, hali ya VVU inastahili nafasi kwenye modeli kuliko miaka ya shule.

Ujazo wa fuvu uingie, pamoja na jinsia. Wanaume kwa wastani wana fuvu kubwa kuliko wanawake kwa asilimia kumi hivi, na mwenye fuvu kubwa huwa na hipokampasi kubwa. Uingize kama kovarieti. Usigawanye ujazo wa hipokampasi kwa ujazo wa fuvu, kwa sababu kugawanya kunachukulia kwamba viwili hivyo hukua kwa uwiano uleule, na hipokampasi haikui hivyo. Hakikisha pia kwamba namba uliyoitoa kwenye programu ni ya ndani ya fuvu lote na si ya ubongo peke yake. Fuvu la mtu mzima halipungui ubongo unaponyauka. Ujazo wa ubongo hupungua, na ukiurekebisha utakuwa umerekebisha ugonjwa wenyewe.

Mashine ya Dar es Salaam ina jambo ambalo si rahisi kuliona. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepigwa picha huko. Ukiongeza safu ya mashine, na lazima uiongeze, watu wale 12 hawatachangia tena moja kwa moja katika tofauti ya makundi. Watasaidia kukadiria mteremko wa umri na ukubwa wa kelele, basi. Ulinganisho wako halisi ni wa wagonjwa 30 na watu 18. Utasikia habari za ComBat, mbinu ya kusawazisha tofauti za mashine au za mafungu ya vipimo, iliyobuniwa mwaka 2007 kwa takwimu za jeni na ambayo Fortin na wenzake waliileta kwenye picha za ubongo mwaka 2017. Ni mbinu nzuri pale ambapo kila mashine ina watu wa makundi yote, lakini hapa nayo itawategemea walewale 18. Kama watu wote wa ulinganisho wangepigwa picha Dar es Salaam, utafiti wa makundi usingewezekana kabisa, kwa mbinu yoyote ile.

Kutikisika kwa kichwa usikusahau. Reuter na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba mtu akitikisika ndani ya mashine, mada yake ya kijivu (sehemu ya ubongo yenye seli nyingi za neva) husomeka pungufu kuliko ilivyo. Pitia picha zote bila kujua ni za kundi gani na uzipe alama za ubora. Vilevile, Mbozi na Rungwe ni maeneo ya ufugaji wa nguruwe, na baadhi ya wagonjwa wako watakuwa na vifuko vya lava wa tegu, yaani mnyoo wa nguruwe, kwenye ubongo. Programu inaweza kuvisoma vifuko hivyo kama maji ya ubongo na kupunguza ujazo wa sehemu zilizo jirani. Hilo halitibiwi kwa kovarieti. Vichorwe kwa mkono na viondolewe kwenye hesabu, na kumbuka kwamba vilivyogeuka chokaa huonekana vizuri zaidi kwenye CT kuliko kwenye MRI.

Kwa jaribio lenyewe, tumia njia ya kuchanganya upya ya Freedman na Lane ya mwaka 1983, ambayo ndiyo inayotumiwa na randomise, kifaa cha majaribio ya takwimu ndani ya FSL, pale modeli inapokuwa na kovarieti. Inashughulikia masalia badala ya kuzichanganya takwimu ghafi, kwa hiyo umri unabaki na mtu wake.

Modeli kuu, basi, iwe na kundi, umri uliotolewa wastani wa watu wote, jinsia, ujazo wa fuvu na mashine, na hali ya VVU ikiwa unayo. Iandike kwenye itifaki pamoja na sababu zake, na uwapelekee kamati ya maadili marekebisho hayo kabla hujaendelea na uchambuzi. Kwa kuwa umeshaziona baadhi ya ramani, sema hivyo waziwazi katika tasnifu na uweke matokeo ya bila kovarieti kando ya haya.

Hata hivyo, kama bado unao muda na fedha kidogo, ningeziacha hesabu kwa sasa na kurudi vijijini. Tafuta watu 15 au 20 wasio na kifafa wenye umri wa miaka 35 hadi 55, majirani wa wagonjwa kutoka vitongoji vilevile, na wote wapigwe picha kwenye mashine ya Mbeya. Ndugu wa tumbo moja pia wanafaa, ila uwaandike kama jozi na mgonjwa wao, kwa kuwa hawawezi kuchanganywa kiholela kama watu wasiohusiana. Baadhi yao watakutwa na vifuko vya tegu bila kuwa na dalili yoyote. Wapelekwe kliniki kama itifaki inavyotaka, na wabaki kwenye takwimu. Watu hao watasogeza wastani wa umri wa kundi lao karibu na 41, wataleta historia ya shule na vilabu vya pombe inayofanana na ya wagonjwa, na wataipa mashine ya Mbeya idadi ya kutosha pande zote mbili.